Wanaotumwa Ng'ambo Kutazama Mashine

Na Mfanya Kazi wa Reli



Katika toleo lililopita mwanachama mmoja aliandika ya kwamba safari za wakubwa na wataalamu kwenda ng'ambo ni fedha za kutupa, na heri fedha hizo zingeongezwa katika mishahara yetu. Maneno yake nimeyasoma mara mbili. Nayaheshimu, kwa maana yametoka kwa mtu ambaye mshahara wake, kama wangu, hauioni tarehe kumi na tano ya mwezi. Lakini sikubaliani naye. Mimi nasema safari ni kitu chema, na tukizipiga vita tutakuwa tumejifungia mlango sisi wenyewe. Shauri letu lisiwe kwamba mtu asitumwe. Tuulize atumwe nani, akae muda gani, atazame nini, na akirudi aseme na nani.

Sisi tuliosoma shule za misheni twaijua habari ya Musa alipotuma watu kuipeleleza nchi ya Kanaani. Hakutuma binamu zake. Alitwaa mtu mmoja katika kila kabila, wakawa kumi na wawili, wakatembea huko siku arobaini, wakarudi na kichala cha zabibu kilichobebwa mtini na watu wawili. Tena waliporudi hawakuingia ofisini na kufunga mlango. Walisimama mbele ya mkutano wote, wakatoa habari, wakaonyesha na matunda. Ni kweli kwamba kumi kati yao waliwatia watu hofu, na shauri likaharibika. Lakini hata hivyo kila mtu alisikia kwa masikio yake, na Kalebu alipata nafasi ya kuwapinga papo hapo mbele ya watu. Siku hizi wapelelezi wetu hurudi na karatasi, na karatasi huingia kabatini.

Jambo hili latuhusu kuliko tunavyodhani. Kila mashine iliyo katika karakana, na kila kanuni iliyobandikwa ukutani, iliwahi kuonwa na mtu mahali pengine kabla haijafika kwetu. Mtu huyo alisimama mahali fulani, akaelezwa na wenyeji wake, akatikisa kichwa, akaandika. Alichokiandika ndicho kilichokuja. Asichokiona hakikuja, na labda hicho asichokiona ndicho kilichokuwa kikimlinda mfanya kazi wa kule asikatwe kidole.

Nitawapa mfano wa Wajapani, si kwa sababu wao ni malaika, bali kwa sababu habari zao zimeandikwa vizuri, na nyingine zahusu reli.

Mwaka 1863 vijana watano wa jimbo la Choshu walitoroka Japani kwa siri kwenda Uingereza. Nasema walitoroka, kwa maana sheria ya nchi yao wakati ule ilimkataza mtu kutoka nje, na adhabu yake ilikuwa kifo. Wawili kati yao walijikuta wakifanya kazi ya mabaharia melini njia nzima, kama watu wa kuajiriwa, na mmoja wa hao wawili, Ito Hirobumi, baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani, mwaka 1885. Walipofika London wakaingia chuo cha University College. Wawili wakarudi upesi. Watatu wakabaki, na katika hao mimi nataka kuwaeleza habari za wawili, Yamao Yozo na Inoue Masaru.

Yamao alitaka kujua jinsi meli zinavyoundwa. Angeweza kukaa London akasoma vitabu vya meli. Hakufanya hivyo. Mwaka 1866 alikwenda Glasgow, katika nchi ya Uskoti, akaingia kiwanda cha meli cha Napier kama mwanagenzi. Mchana alishika vyombo pamoja na mafundi, jioni alikwenda kusoma Anderson's College. Alifanya hivyo muda wa kama miaka miwili. Wafikirieni, ndugu zangu: mtu wa ukoo wa mashujaa wenye kuvaa panga mbili kiunoni, akiwa ameinama na nyundo katikati ya Waskoti wenye mikono ya lami, akila walipokula na kunyeshewa waliponyeshewa.

Sasa sikilizeni kitu alichokiona. Katika kiwanda kile walikuwamo viziwi, mafundi kamili, wakifanya kazi na kuzungumza kwa ishara za mikono. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Aliporudi kwao mwaka 1868 akapata cheo katika Serikali, naye akashughulika na mambo makubwa ya ufundi: alikuwa mmoja wa walioanzisha chuo cha uinjinia cha Serikali huko Tokyo, kilichofunguliwa mwaka 1873, na mkuu wake wa kwanza, Henry Dyer, alikuwa Mskoti aliyesoma jioni katika Anderson's College ile ile. Lakini hakuwasahau wale viziwi. Mwaka 1871 aliandika ombi kwa Serikali ya Japani kwamba zijengwe shule za vipofu na viziwi, akatoa ushahidi wa yale aliyoyaona Glasgow. Ilichukua miaka. Shule ilianza kufundisha Tokyo mwaka 1880, kwa juhudi za chama ambacho yeye alikuwamo.

Nauliza: mgeni anayezungushwa kiwandani saa mbili, na kofia mpya kichwani, na meneja upande wa kuume na mpiga picha upande wa kushoto, angewaona wale viziwi? Angeona meli. Angehesabu mitambo. Mikono ya viziwi angedhani ni watu wanafukuza nzi.

Inoue Masaru yeye alisoma mambo ya migodi na ya reli, akarudi mwaka huo huo wa 1868, na mwaka 1871 akawekwa kuwa mkuu wa reli za Japani. Wajapani wenyewe humwita baba wa reli yao. Lakini tazameni jinsi reli ile ilivyoanza. Ilianza vile vile kama mambo yetu. Serikali ilikopa London pauni milioni moja kwa riba ya asilimia 9. Mainjinia walikuwa Waingereza, injini zilitoka Uingereza, madereva walikuwa Waingereza. Njia ya kwanza, kutoka Shimbashi katika mji wa Tokyo hadi Yokohama, kilomita 29, ilifunguliwa Oktoba 1872. Injinia mkuu wa kwanza, Mwingereza Edmund Morel, alikuwa mtu mwema, naye mwenyewe ndiye aliyewashauri watumie mataruma ya mbao ya miti yao badala ya kuagiza ya chuma kwa meli. Alifariki mwaka 1871 kabla hajaiona njia ikifunguliwa.

Mtu mwingine aliyesoma ng'ambo angeridhika hapo. Angekata utepe, akakaa. Inoue, yeye, mwaka 1877 alifungua darasa la mainjinia katika stesheni ya Osaka. Si katika jumba la mbali, ni stesheni, mahali ambapo mwanafunzi akitazama dirishani aona gari. Mwaka 1879 Wajapani wa kwanza walishika usukani wa injini kama madereva kamili. Mwaka 1880 wakamaliza kutoboa mlima wa Osaka, njia ya kutoka Kyoto kwenda Otsu, tundu la mita 665 hivi, bila ya injinia mgeni kuwasimamia. Na nani alitoboa? Inoue aliwaita wachimba migodi wa Ikuno, watu waliozoea kuchimba fedha ardhini. Aliyajua mambo ya migodi, kwa hiyo alijua kwamba ujuzi wa kupasua mwamba ulikuwa tayari nchini mwake, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kupanda meli. Hilo ndilo jambo ninalompendea. Alikwenda mbali, na safari ile ikamfundisha kuwaona watu wa nyumbani.

Reli yetu sisi, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na karibu vibarua 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa katika kazi ile. Mwafrika wa njiani hakuulizwa kitu, wala yule Mhindi hakuulizwa. Najua kwamba sisi tulikuwa chini ya utawala wa wageni na Wajapani walikuwa wakijitawala, kwa hiyo silinganishi ili kutulaumu. Nalinganisha kwa sababu tangu mwaka 1963 twajitawala, na bado ni desturi kwamba wa chini huletewa mashine kama mtoto anavyoletewa dawa.

Hapa nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Kabla sijaandikwa kazi ya reli nilifanya kazi miaka mitatu katika kiwanda kimoja ambacho jina lake nitaliacha. Meneja wetu alipelekwa ng'ambo majuma mawili kutazama viwanda. Aliporudi, sakafu ikapakwa mistari ya manjano, mabango yakabandikwa, na karibu na mlango pakatundikwa sanduku la mbao lenye kufuli, limeandikwa MAONI. Tulifurahi. Sasa, palikuwa na kizingiti kati ya ghala na chumba cha mashine, kimeinuka kama inchi mbili, na kila mkokoteni uliopita pale ulikwama na kuyumba. Nawajua watu wanne walioandika habari za kizingiti kile na kutia karatasi zao sandukuni. Miezi saba ikapita. Siku moja mkokoteni uliojaa ulipinduka ukamwangukia mzee mmoja mguuni, akapoteza vidole viwili. Siku ya tatu yake fundi akaja na saruji nusu debe, akapasawazisha. Kazi ya asubuhi moja. Na kwa kuwa palikuwa na uchunguzi wa ajali, ikaamriwa sanduku lifunguliwe. Ufunguo haukupatikana, ikabidi kufuli livunjwe. Karatasi zilikuwamo zote nne, pamoja na maganda ya karanga.

Baadaye nilisoma sanduku lile limetoka wapi. Mwaka 1950 Eiji Toyoda, wa kampuni ya magari ya Toyota, alikwenda Marekani kutazama kiwanda kikubwa cha Ford, na moja ya mambo aliyoyachukua huko ni utaratibu wa mfanya kazi kuandika shauri lake. Mwaka 1951 wakauanza kwao. Lakini kwao karatasi husomwa, mtu hujibiwa, na shauri likifaa hulipwa kitu. Meneja wetu aliliona sanduku. Hakuuliza ufunguo unakaa kwa nani.

Toyota hiyo hiyo ilikuwa na mtu mwingine, Taiichi Ohno, bwana wa mambo ya karakana. Alizuru Marekani mwaka 1956. Alipelekwa katika viwanda vya magari, kama wote wanavyopelekwa, lakini kitu kilichomshika zaidi kilikuwa supamaketi. Aliona kwamba pale dukani mtu huchukua anachotaka, kwa kadiri anavyotaka, kisha mwenye duka hurudisha rafuni kile tu kilichochukuliwa. Akawaza: kwa nini karakana isiende vivyo hivyo? Kwa nini chuma kirundikwe mlimani kingojee, badala ya kila fundi kupewa kiasi alichomaliza? Wazo hilo alilikuza kwa miaka mingi, na vikadi vya kuitia vipande, na dunia nzima ikamfuata. Kwa hiyo mtu aliyesafiri si lazima apate faida mahali alipopelekwa. Yafaa apewe nafasi ya kutembea peke yake, aingie dukani, apande basi la wafanya kazi saa kumi na moja alfajiri.

Lakini msinielewe vibaya kwamba nahubiri Toyota. Mwaka ule ule wa 1950 kampuni ile ilipunguza karibu watu 2,000, na wafanya kazi wakapigana na jambo hilo kwa migomo hata mwenye kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Tena mwaka 1972 mwandishi mmoja wa Kijapani, Satoshi Kamata, aliajiriwa humo kama kibarua wa muda, miezi sita, akafunga bolti kama wengine, akalala katika bweni la vibarua, kisha mwaka 1973 akatoa kitabu. Aliandika jinsi kazi ilivyokwenda kasi, jinsi mwili unavyochoka hata mtu akirudi bwenini hana nguvu ya kufanya lolote, na jinsi watu wanavyoacha kazi kabla mkataba haujaisha. Baadaye wakaja wataalamu wa nchi nyingi, wakausifu mtindo ule, wakaona sakafu safi. Wote walisema kweli. Sakafu ni safi. Ila mmoja alisimama juu yake saa zote za zamu, na wengine walipita juu yake wakielekea chakula cha mchana.

Sasa nije kwenye reli, na jambo ambalo lingeokoa maisha ya watu bila mkopo wowote. Katika reli za Japani kuna desturi ya zaidi ya miaka mia moja: dereva anapoiona ishara ya njia huinyoshea kidole na kuitamka kwa sauti. Ikiwa ishara yaruhusu, atanyosha kidole na kusema kwamba yaruhusu, hata kama yuko peke yake. Gadi naye kadhalika, na mtu wa pointi kadhalika. Mgeni akiona hucheka, adhani ni watu wazima wanacheza. Lakini mwaka 1994 taasisi yao ya utafiti wa reli ilijaribu watu katika kazi rahisi. Waliofanya bila kidole na bila sauti walikosea mara 2.38 katika kila vitendo 100. Waliotumia kidole na sauti pamoja walikosea mara 0.38. Hesabuni wenyewe. Na gharama ni kidole cha mtu, ambacho tayari anacho.

Mkubwa mmoja wa usafirishaji wa reli za chini ya ardhi za mji wa New York aliiona desturi hii alipokuwa Japani kwa safari ya kazi, ikampendeza, na tangu mwaka 1996 magadi wa New York wanatakiwa kunyosha kidole kwenye ubao wenye mistari myeusi na myeupe uliowekwa katikati ya jukwaa kabla ya kufungua milango. Ubao ule ukiwa mbele yake, gadi ajua kwamba gari zima limeingia stesheni na hakuna mlango utakaofunguka gizani. Tazameni jinsi walivyofanya: walichukua kidole, wakaacha sauti. Kila nchi ina watu wake. Lakini kidole kilifika, na kilifika kwa sababu mtu aliyesafiri alitazama mkono wa gadi badala ya kutazama gari tu.

Nimewaambia haya wenzangu wa yadini. Mmoja akaniambia, "Nikimnyoshea kidole ishara na kupiga kelele peke yangu usiku, mlinzi ataniita mkewe aje anichukue." Tukacheka sana. Lakini juma lililofuata nilimwona akifanya, kwa siri, kidole karibu na mfuko.

Kwetu Kenya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, kilomita 472, imejengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa China, na upana wake ni milimita 1,435, wakati reli ya zamani ni milimita 1,000. Tangu mwaka 2016 vijana wetu wamekuwa wakipelekwa China kusoma uinjinia wa reli. Hao ni watoto wetu nami nawatakia heri. Wamekaa miaka, si majuma mawili, wamejifunza na lugha. Hivyo ndivyo inavyofaa. Kilichobaki ni kuwasikia. Kijana aliyekaa Beijing miaka minne ameona mengi ambayo hayamo katika cheti chake: jinsi zamu zinavyopangwa, mtu wa kukagua njia anatembea kilomita ngapi, anavaa nini miguuni, akiumia nani humlipa. Yatupasa kumwita katika mkutano wetu, tumpe chai, tumwulize. Asije akadhani wanachama ni watu wa kelele tu wasiotaka kujua kitu.

Wako ndugu wengine ambao hawapingi safari kwa ajili ya fedha, bali kwa hofu. Wasema kila mtaalamu anayekwenda ng'ambo hurudi na mashine ya kula kazi za watu. Hofu hiyo si upuzi. Katika miaka ya 1960 na 1970, injini za dizeli zilipochukua mahali pa zile za mvuke, kazi ya mtia moto ilikwisha, na kazi nyingi za kusafisha na kutengeneza mabwela zikapungua. Wazee wetu wengine walipata mafunzo ya injini mpya, wengine walirudi shambani. Lakini dizeli ingekuja hata kama hakuna mtu angepanda ndege, kwa kuwa dunia yote ilikuwa ikiacha mvuke. Tofauti ni hii, kwamba chama kinachojua mapema miaka mitano chaweza kupatana habari za mafunzo na za kiinua mgongo, na chama kinachojua siku mashine inaposhushwa bandarini hakina la kupatana, isipokuwa kuomba. Kwa hiyo yule anayechukia safari kwa hofu ya mashine ndiye hasa angetaka mtu wetu awemo katika safari hiyo, akaulize wenzake wa kule: Mashine hii ilipokuja mlikuwa wangapi, na sasa mko wangapi? Swali hilo mtaalamu hataliuliza. Si kwamba ni mtu mbaya. Hakutumwa kuliuliza, na wenyeji wake hawatapenda kuulizwa.

Tena tusiwasahau viongozi wetu wa chama, ambao nao hupanda ndege kwenda mikutano. Tom Mboya alikwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955, akakaa huko mwaka mzima kusoma mambo ya wafanya kazi na ya utawala, na aliporudi mwaka 1956 alikuwa na maneno ya kuwaambia watu. Siku hizi kiongozi huenda siku nne, hurudi na mkoba wenye jina la mkutano. Mkoba ni mzuri. Twaomba na habari.

Ninalotaka tawi letu lijadili katika mkutano ujao ni hili. Chama kimwombe mwajiri, katika mapatano yanayokuja, kwamba kila ujumbe unaotumwa kutazama mitambo au mtindo mpya wa kazi uwe na mtu mmoja, awe fundi au gadi au mtu wa njia, ambaye ndiye atakayeishika kazi hiyo kwa mikono. Kiingereza chake kikiwa kidogo si kitu; nati haizungumzi Kiingereza. Yamao alipofika Uingereza hakujua lugha. Tena, wote waliotumwa wakirudi, kabla mwezi haujaisha, wasimame katika kantini saa ya mapumziko, waseme kwa Kiswahili walichokiona, nasi tuwaulize. Na muda wa safari uongezwe hata kama watakaokwenda watapungua. Kwa fedha za kupeleka wakubwa kumi siku kumi katika hoteli, watu wawili wangekaa miezi mitatu katika nyumba ya kupanga karibu na karakana, wakaenda kazini na kurudi na watu wa huko.

Najua wengine watasema mwajiri hatakubali. Labda hatakubali mara ya kwanza. Likizo ya malipo nayo haikukubaliwa mara ya kwanza, wala buti za kazi. Wengine watasema mtu wetu akienda atanunuliwa, atarudi akisema kama mkubwa. Hilo laweza kutokea, kwa hiyo achaguliwe na wenzake kwa kura, si kwa barua ya msimamizi, na ajue kwamba akirudi ataulizwa na watu wanaoijua kazi. Ni vigumu kumdanganya mtu wa breki habari za breki.

Kwa sasa, karani wa tawi ameniruhusu nikusanye maswali ya kuwapa watakaosafiri, wawe ni nani. Yeyote mwenye swali aliandike katika karatasi, ama amwambie mtu amwandikie, alilete ofisi ya tawi kabla ya mkutano. Hatutatumia sanduku. Ziwekeni mezani. Ya kwangu iko juu kabisa: huko mwendako, mtu anayeunganisha mabehewa usiku wa mvua hupewa taa ya namna gani, huishika mkononi au huivaa kichwani, na gari likianza kurudi nyuma kabla hajatoka katikati, dereva hujuaje?